Uwanja wa Dobbins na Tangi la Kijani

Jumapili, 10 Novemba

Nimemaliza! Taa ya mwisho ya uwanja imesimama saa kumi alasiri: kijiti cha meno, shanga nne, tone la gundi. Uwanja wa besiboli wa Dobbins uko hai tena. Walioubomoa mwaka 1961 na kujenga ghala la matairi wajue kwamba umerudi. Umerudi mdogo mara themanini na saba, juu ya meza ya kulia ya mke wangu, lakini umerudi.

Dolores ameutazama kwa muda. Amesema mzuri. Kisha akauliza unaondoka lini. Amenikumbusha kwamba tarehe 28 ni Siku ya Shukrani, dada zake watatu wanakuja na waume na watoto, jumla watu kumi na wanne, na bata mzinga haliwi magotini. Meza imekaliwa na besiboli tangu Kwaresima. Nikamwambia avumilie, jambo kubwa liko njiani. Akasema asubuhi ya siku hiyo akiukuta bado hapo, ataubeba mwenyewe mpaka kwenye pipa la taka, pamoja na watazamaji wake wote.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkutano wa Klabu ya Reli Ndogo ya Harkness. Ajenda moja tu yenye maana: Pembe ya Dirisha. Ndiyo nafasi bora kuliko zote kwenye meza yetu ya reli. Mwanga mzuri, treni inapita karibu, na kila anayeingia mlangoni macho yake huangukia hapo kwanza. Iko wazi tangu sarakasi ndogo aliyoijenga marehemu Bwana Purcell iliporudishwa kwa watoto wake.

Waombaji wawili. Mimi, Emil Hudak, fundi lifti mstaafu. Na Norbert Klemm, aliyejenga kiwanda cha chuma kidogo chenye tanuru linalowaka na bomba linalotoa moshi wa kweli. Norbert hubeba kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, kwenye mfuko wa shati kila aendako. Nimemwona nayo kanisani. Sijui alitaka kupima nini.

Mwenyekiti wetu, Verna Stokes, aliongoza treni za kweli kwa miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama vile sote tunakaribia kugongana. Ameamua: wageni watachagua Jumamosi tarehe 23, siku yetu ya wazi. Kwa desturi yetu, kila mgeni hupewa mlangoni kipande kimoja cha makaa ya mawe, kikubwa kama haragwe, na hukitia kwenye behewa dogo lililo mbele ya kazi aliyoipenda. Jioni mabehewa hupimwa. Zito hushinda. Aliyeshindwa anarudisha kitu chake nyumbani.

Nyumbani! Nyumbani kwangu ni pipa la taka.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeuhamishia uwanja klabuni. Watu wanne, milango miwili, hakuna hata taa moja iliyovunjika. Wenzangu walisimama kimya. Kimya kizuri kile, cha wivu.

Norbert akazunguka, kalipa mkononi. Akauliza hilo dubwana la kijani karibu na ukuta wa mbali ni kitu gani. Nikamjibu ni tangi la maji. Akasema Dobbins haikuwahi kuwa na tangi la maji. Nikamwambia asubiri, nikatoa picha.

Picha yenyewe ni ya mjomba Stan, ya rangi, ya mwaka 1957, na ndiyo pekee ninayoijua inayoonyesha uwanja mzima. Imepigwa kutoka nyuma ya ukuta wa mbali, kwa juu. Ina ukungu kidogo, lakini tangi linaonekana bila ubishi: refu kuliko taa, kijani, mabega ya mviringo, shingo nyembamba, mfuniko mweusi. Siku nane nimelijenga. Kanuni yangu ni moja tu, najenga ninachokiona pichani.

Norbert akatazama, akarudisha kalipa mfukoni. Ana vipimo lakini hana picha, maskini.

Nikampa na la pili ili alale nalo. Wachezaji wa kununua dukani wote huvaa glovu mkono wa kushoto. Kwenye picha, kwa kioo cha kukuza, glovu ziko mkono wa kulia. Timu nzima ilirusha kwa kushoto! Si ajabu walikuwa wakifungwa kila mwaka. Kwa hiyo nilichukua wembe na kibano, nikakata mikono kumi na minane na kuibadilisha mmoja mmoja. Norbert akauliza, "Wote tisa, Hudak?" Nikasema wote tisa. Akasema hajawahi kusikia timu ya namna hiyo. Bila shaka hajasikia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtafiti na mtu mwenye kalipa.

Ijumaa, 15 Novemba

Pigo. Watazamaji wa jukwaa la juu ni tambi, zile ndogo kama punje za mchele ambazo Dolores hutia kwenye supu. Nilizipaka rangi moja moja, kofia na mashati, elfu moja na mia mbili. Jana panya wa klabu wamewala mia tatu.

Norbert alinipigia simu yeye mwenyewe, asubuhi, kabla sijanywa kahawa. "Mashabiki wako wameondoka mapema," akasema. Anajiona mcheshi.

Nimekwenda, nimefagia mavi ya panya, nimetafakari. Kisha nikaandika kibao kidogo: Mechi ya Jumanne, Mvua Ikitishia. Mahudhurio hafifu. Sasa ni sahihi zaidi kihistoria kuliko jana. Verna amesoma akasema mimi ni mtu wa hatari. Nimelichukua kama sifa.

Jumamosi, 16 Novemba

Wazo! Nimelipata nikiwa naoga, nikatoka na sabuni sikioni.

Moshi na tanuru huwapendeza watoto. Lakini nani anapiga kura kwa moyo? Wazee. Nani aliuona Dobbins kwa macho yake? Wazee! Nimekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee ya parokia, nikakutana na mtawa msimamizi. Wapo ishirini na wawili waliokuwa wakienda kwenye mechi. Nimeahidi basi la kanisa, kahawa, na mkate wa njugu wa kuviringishwa, ule waliokulia nao, utakaookwa na Dolores. Watauona uwanja wa ujana wao. Watalia. Watatia makaa kwenye behewa langu huku wakijifuta machozi.

Ishirini na wawili, uhakika! Norbert na ajaze ukumbi moshi.

Bado kumwambia Dolores kuhusu mkate.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia Dolores kuhusu mkate. Ameniuliza ni mingapi. Nikasema minane. Ameniuliza kama najua wiki hii ana bata mzinga, viazi, pai nne na dada zake. Nikasema najua. Akasema, "Hujui, Emil. Ungejua ungekuwa umeshika mchi." Kwa hiyo nimeponda njugu tangu saa tatu asubuhi mpaka bega limekufa ganzi. Lakini mikate imekubaliwa.

Habari njema nyingine: Norbert amejaribu moshi wake leo na king'ora cha klabu kimelia. Wazima moto wamefika na gari zima. Sikuwaita mimi. Nilimwonyesha Verna tu namba yao ukutani. Sasa moshi umepigwa marufuku. Kiwanda kisichotoa moshi ni nini? Ni sanduku.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwisha.

Norbert amekuja klabuni na karatasi ndefu chini ya kwapa. Ameipata maktaba: ramani ya Dobbins ya mwaka 1938. Akaitandaza, akatoa kalipa, akapima uwanja wangu kuta zote. Kila kipimo sawa. Nikaanza kumwonea huruma. Kisha akanyooka na kutabasamu, na Norbert hatabasamu hovyo.

Akaniuliza besi ya kwanza, pale mpigaji anapokimbilia kwanza, iko wapi. Nikamwonyesha, upande wa kulia, kila mtu anajua iko kulia. Akasema naam, iko kulia ukiwa umesimama na mpigaji. Lakini mimi nimesimama nyuma ya ukuta wa mbali, namtazama mpigaji usoni. Kutoka huku besi ya kwanza inapaswa kuwa kushoto.

Nikatazama. Nikatazama ramani. Nikazunguka meza nikasimama upande wa mpigaji. Besi ya kwanza ikawa kushoto kwangu.

Uwanja mzima umegeuka! Wanakimbia kinyume. Kila kitu kiko upande wa mwenzake. Zile glovu! Kiwanda cha wanasesere kilikuwa sahihi, na mimi nimewakata mikono watu wasio na hatia.

Nikamwomba aitunze siri. Norbert akasema wala hana haja ya kumwambia mtu. "Umewaalika mwenyewe ishirini na wawili watakaosema." Akakunja ramani taratibu, akaenda zake.

Nimempigia mtawa simu kuahirisha safari. Amesema haiwezekani, kinamama wameshatengenezwa nywele. Kuubomoa na kuujenga upya haiwezekani, kila kitu kimegandishwa kwa gundi bora kabisa, niliichagua mwenyewe. Dolores ameniuliza mbona sili. Nimemwambia. Akasema bado kuna siku saba kabla ya pipa. Nadhani alikuwa ananifariji.

Nimebakiza mbinu moja. Giza.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika yote.

Niliwahi kufika klabuni na kulegeza balbu mbili za Pembe ya Dirisha. Nikateremsha pazia. Nikabadilisha kibao: Mechi ya Usiku. Katika kiza kile hata mimi sikujua besi ipi ni ipi. Verna akaja, akauliza ni mpuuzi gani amefunga pazia mchana. Akalifungua mpaka mwisho. Akakaza balbu. Sijawahi kuona mwanga mkali vile mwezi wa Novemba.

Saa tano basi likafika. Ishirini na wawili, fimbo na viti vya magurudumu, makoti ya kanisani, kila mmoja na kipande chake cha makaa kwenye leso. Wakajipanga mbele ya uwanja. Nikajificha nyuma ya sinia la mkate.

Mzee mmoja akainama. "Huyu bwana anakimbilia wapi?" akauliza. Mwingine akasema pengine ameiba. Wa tatu, mzee mrefu mwenye kofia ya timu iliyopauka, akasema alikaa upande ule miaka kumi na jua lilikuwa likimchoma shavu la kushoto, sasa hapa amewekwa upande wa kivuli. Alisema kama mtu aliyeibiwa. Bibi mmoja akanitazama kwa upole, akasema nimejitahidi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikasikia kaa la kwanza likianguka kwenye behewa la Norbert. Kisha la pili. La tatu. Norbert alisimama kando ya tanuru lake mikono nyuma, akitazama dari. Nikaona pipa la taka. Nikaona Dolores akilifunua.

Ndipo mtu akaanza kucheka.

Ni kikongwe aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, Bi Iola Whitlock, miaka tisini na mmoja, kofia ya zambarau. Alikuwa akicheka mpaka kofia inatikisika, na kidole chake kimelielekea tangi langu la kijani. Akauliza nani amejenga hii. Nikatoka nyuma ya mkate. Akasema nimsogelee. Nikasogea.

"Mwanangu," akasema, "hilo si tangi. Hiyo ni chupa ya mafuta ya nywele ya baba yangu."

Kinyozi Whitlock! Kinyozi aliyekuwa ghorofani nyuma ya ukuta wa mbali! Bi Iola akawaeleza wote. Dirisha la baba yake lilitazama uwanjani, na viti vya kunyolea vililipa dirisha mgongo, vikitazama kioo kikubwa cha ukutani. Mteja alinyolewa huku akitazama mechi nzima kwenye kioo, bure. Siku za mechi foleni ilifika ngazini, wengine walikuja kunyolewa mara mbili kwa wiki wakiwa hawana nywele. Na mbele ya kioo, kwenye rafu, ndipo ilipokaa ile chupa ya kijani. Akaniuliza nani alinipa picha. Nikasema mjomba Stan Hudak. Akapiga goti lake kofi. "Stan! Alikuwa na nywele kumi na mbili na hakukosa mechi hata moja."

Mjomba Stan alipiga picha kwenye kioo! Akiwa kitini, na shuka la kinyozi shingoni!

Kisha Bi Iola akafungua mkoba wake akatoa kioo kidogo cha poda. Akaniambia nimgeuze. Nikamgeuza, mgongo kwa uwanja. Akainua kioo juu ya bega lake, akatulia. Hakucheka tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Sasa ndiyo Dobbins."

Yule mzee mrefu akaomba kioo. Akageuza mgongo, akatazama. Akasema jua limerudi mahali pake. Akavua kofia. Baada ya hapo kila bibi mwenye mkoba alitoa kioo chake, wakasimama safu nzima wakiupa uwanja wangu mgongo, wakionyeshana: pale fulani alipouza karanga, pale mume wangu aliponiomba niolewe naye, pale mpira ulipovunja kioo cha gari la padri. Walilia! Nilisema watalia!

Nikaazima kioo cha Bi Iola. Mimi niliingia Dobbins mara moja tu maishani, nikiwa na miaka saba, juu ya mabega ya baba yangu, na sikuwa nimekumbuka hata siku moja tulikaa wapi. Kwenye kile kioo nilipaona. Safu ya nne, nyuma ya besi ya tatu, karibu na nguzo. Nilikijenga kiti kile miezi minane na sikukijua. Ilinibidi nitoke nje kidogo, nikajifanya naangalia basi.

Niliporudi, wageni wengine nao walikuwa wakipokezana vioo, na makaa yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye behewa langu mpaka kwenye reli. Treni ya saa nane ilikwama. Verna hakukasirika.

Mizani: langu gramu mia sita na kumi na mbili. La Norbert mia mbili na tisa. PEMBE YA DIRISHA NI YANGU!

Jumapili, 24 Novemba

Bado ni yangu. Nimepita kuhakikisha.

Baada ya misa mwandishi wa gazeti la mji alinipigia simu. Aliuliza nilipataje wazo la kuujenga uwanja kama ulivyoonekana kwenye kioo cha kinyozi. Nikamwambia kwamba wazo lilikuja baada ya utafiti wa muda mrefu. Akauliza kuhusu wachezaji. Nikasema kila mkono umekatwa kwa makusudi. Ambayo ni kweli.

Dolores alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Akafunga bomba la maji ili asikie vizuri zaidi, kisha akalifungua tena kwa nguvu.

Norbert amekuja nyumbani, kalipa mfukoni, kunipa mkono. Amekubali kutengeneza chumba kidogo cha kinyozi cha ghorofani, chenye viti viwili na kioo, kisimame nyuma ya ukuta wangu. Bi Iola ametoa sharti kwamba chupa ya kijani ibaki palepale ilipo, kwa ukubwa uleule. Norbert alisema chupa yenye urefu wa orofa saba inamnyima usingizi. Nikamwambia azoee.

Meza ya kulia iko tupu. Dolores ameitandika kitambaa cheupe na kupitisha mkono juu yake mara mbili. Amenipa ncha ya mwisho ya mkate wa njugu, ile yenye njugu nyingi, bila kuombwa.

Jumatano, 27 Novemba

Asubuhi nimepanga upya sanduku la picha za mjomba Stan na moyo umenilipuka. Stesheni ya zamani ya Harkness! Mwaka 1955, kwa karibu, rangi safi. Hakuna mtu aliyewahi kuijenga, na Verna amesema kuna nafasi kando ya daraja.

Na juu ya paa lake, upande wa kulia, kuna kuba! Kubwa, la rangi ya waridi, linajaza karibu robo ya picha. Hakuna kitabu chochote kinacholitaja. Nimempelekea Norbert. Ameitazama picha kwa sekunde moja akasema hicho ni kidole gumba cha mjomba wangu.

Wivu ni kitu kibaya. Mtu ameshindwa kwa gramu mia nne na tatu na hajapona. Nimemwuliza ni wapi amewahi kuona kidole kikubwa kuliko stesheni. Akatoa kalipa, akapima kidole gumba chake mwenyewe, akaenda nyumbani.

Nimetazama kwa kioo cha kukuza. Kuba lina mistari myembamba inayozunguka, mamia, imepangwa kwa ustadi wa ajabu. Ni vigae. Nitavikata kimoja kimoja kwa karatasi ngumu, vitachukua kama miezi miwili. Kwa kuwa Dolores yuko sokoni na meza ni tupu, nimetandaza mbao za msingi ili gundi ianze kukauka kabla wageni hawajafika kesho.

Na pembeni kabisa mwa kuba kuna dirisha moja kubwa, linang'aa, limepinda kwa juu, na chini yake kuna utepe mweupe kama mwezi mchanga. Nimeanza na hilo.